Umeng'arisha meno kwa ajili ya harusi? Yaachie mate kazi yao

Kuanzia mfunguo mosi mpaka Ramadhani nyengine ikaribie, kiti chetu hakipoi. Maharusi wanakuja na mama zao na somo zao, wale wanaowafunda, na siku hizi wanaume nao wanakuja. Anajifanya jino linamuuma kumbe anataka kung'arishwa, anaona haya kusema mbele ya watu waliokaa foleni. Mimi ni tabibu wa meno, mzaliwa wa Wete, Pemba, kazi naifanyia Unguja mjini. Kila anayeinuka kwenye kiti anauliza lile lile: "Sasa nitumie nini?" Anataka nimwandikie kitu cha kununua. Namwambia tumia mate yako. Wengi wanacheka, wanadhani natania.

Sitanii. Kwenye kiti namaliza ndani ya saa moja. Kinachofuata, hasa siku mbili za mwanzo, kinafanywa na mate, na wewe unachotakiwa ni kutoyazuia. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayomwambia kila mtu, ila pale kiti kinasubiriwa na nasema mbio mbio.

Jeli imefanya nini

Gamba la juu la jino, enameli, ni gumu kuliko mfupa. Kwa uzito, kiasi cha asilimia 96 ni madini, yaani kalsiamu na fosfeti zilizofungamana. Kilichobaki ni maji na protini kidogo. Kwa macho utasema halipitishi kitu, lakini lina vinjia vidogo mno, na humo ndimo inamopita dawa iliyo kwenye jeli ya kung'arishia. Dawa yenyewe ni haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi, ambayo ikifika mdomoni inavunjika ikatoa ile ile haidrojeni peroksaidi. Ukiona kwenye jeli ya kutumia nyumbani pameandikwa kabamaidi asilimia 10, jua nguvu yake ni kama haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.5 hivi. Inaingia ndani ya jino na kuzivunjavunja chembe za rangi zilizojificha humo kwa miaka ya chai na kahawa. Haikwangui kitu.

Ila jino linaloinuka kwenye kiti si lile lililokaa. Kwanza limevuliwa utando wake. Mate yana protini ambazo kila wakati zinajibandika juu ya enameli na kufanya ngozi nyembamba isiyoonekana, na asidi ikija inapokewa na ngozi hiyo kabla haijafika kwenye jino. Jeli inaivuruga na kuiondoa. Enameli iliyo tupu namna hiyo ni kama ukuta wa mawe wa Mji Mkongwe uliobanduka lipu: haujaanguka, lakini mvua ikija inapiga kwenye jiwe lenyewe. Pili, jino limekauka, maji yake yametoka. Tatu, uso wa enameli umepoteza madini kidogo.

Hilo la tatu ndilo linalowatisha watu wakilisoma kwenye simu, na linatiwa chumvi. Enameli iliyong'arishwa maabara, nje ya kinywa, ikipimwa huonekana imelainika kidogo. Ikipimwa iliyokaa ndani ya mdomo wa mtu, mate yakiipitia kutwa, kulainika kunakuwa kudogo zaidi, na ugumu unarudi. Ndani ya mate mna kalsiamu na fosfeti za kutosha na za ziada, zinasubiri nafasi ya kurudi kwenye jino. Mna baikaboneti inayoipooza asidi. Mna vimeng'enya vinavyoivunja peroksaidi iliyobaki ikawa maji na oksijeni. Na yako ya kutosha: mtu mzima mwenye afya anatoa baina ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku.

Saa mbili za mwanzo

Suuza kwa maji ya kawaida, si ya barafu wala ya moto, halafu funga mdomo.

Nalikariri hili la kufunga mdomo kwa sababu bi harusi akishatoka kwetu haufungi. Anajipiga picha mlangoni, anampigia shoga yake video, anakaa dirishani mwa daladala na meno yote nje mpaka anashuka kwao. Upepo ule unakausha jino ambalo tayari limekauka. Pumua kwa pua, meza mate, ulimi upite juu ya meno kama kawaida yake. Usiyafute kwa kitambaa wala tishu ili uone yamefika weupe gani. Utando mpya unaanza kujijenga ndani ya dakika chache tu mate yakigusa jino, na unazidi kukomaa kadiri saa zinavyokwenda. Ukifuta, unaanza upya. Katika saa hizo mbili, maji tu. Chakula kisubiri.

Kitu kimoja huwa nawaonyesha kwa kioo. Nikishatoa kile kiplastiki kinachopanua midomo, ambacho mtu amekaa nacho muda mrefu bila meno kugusana na mate, meno ya mbele yanakuwa na weupe wa chokaa, hayang'ai, na pengine yana mabaka meupe zaidi kwenye ncha. Mtu anashtuka. Namwambia funga, meza mate, tukae kidogo tuzungumze. Baadaye nawasha taa ile ile, na mara nyingi kingo za mabaka zimeshaanza kufifia na jino limepata mng'ao wa unyevu. Kwa watu wengi mabaka hayo yanamalizika ndani ya siku moja au mbili, jino linapojaa maji yake tena.

Maji hayo hayo yakirudi, weupe nao unashuka kidogo. Hapo ndipo tunapogombezwa. Mama mmoja alirudi na binti yake kesho yake, kakunja uso:

"Jana yalikuwa meupe pepe, leo yamefifia. Mmemtilia dawa gani mwanangu?"

"Mama, jana yalikuwa makavu. Leo yameshakunywa mate, na hii inakaribia kuwa rangi yake ya kweli."

"Yaani mate ndiyo yaliyotuharibia?"

"Hayajaharibu. Jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Subiri wiki mbili ndipo utuhukumu."

Kwa hiyo ikiwa harusi ina tarehe, njoo wiki tatu kabla, au angalau mbili. Anayekuja siku mbili kabla ya nikahi mimi namrudisha nyumbani, na somo wake anaweza kuninunia atakavyo.

Kahawa inasingiziwa

Ushauri uliozagaa ni mmoja: siku mbili usinywe kahawa. Ni sawa, na mimi nauunga mkono, kwa sababu jino lisilo na utando uliokomaa linashika rangi haraka. Ongeza kwenye orodha hiyo chai ya rangi, bizari ya manjano, zafarani, tambuu, na ubuyu ule mwekundu unaopaka mpaka vidole. Lakini hayo ni madoa, na doa tunaliondoa. Ninaloliogopa zaidi ni kuyeyuka kwa madini, na katika hilo kahawa si mkosaji mkubwa.

Enameli inaanza kuyeyuka pH ya mdomo, yaani kipimo cha uchachu wake, ikishuka karibu na 5.5. Mate yenyewe yako kwenye 6.5 au 7 hivi. Kahawa chungu iko kama 5. Ukwaju uko karibu na 3. Soda ya kola kama 2.5, na ndimu ni 2 na ushei. Kipimo hiki kila kikishuka nambari moja ukali unazidi mara kumi, basi baina ya kikombe cha kahawa cha barazani na gilasi ya maji ya ukwaju pana tofauti ya mara mia. Kuna watu wanajinyima kahawa siku mbili nzima, wakisifiwa kwa subira yao, na mkononi wana chupa ya ukwaju baridi. Wameruka majivu wakakanyaga moto.

Urojo, basi, sahau siku hizo. Una ukwaju, una embe bichi, una ndimu, na bado mtu anaomba aongezewe ndimu; tena una manjano, kwa hiyo unayeyusha na unapaka kwa kijiko kimoja. Embe bichi la pilipili na chumvi, achari ya ndimu, juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu, barafu za ukwaju za kwenye mifuko, yote yasubiri. Dafu ni afadhali sana kuliko hayo, ila linywe ulimalize, usilibebe ukalifyonza kwa saa nzima. Mtindi unawachanganya watu kwa kuwa ni mchachu. Kunywa bila wasiwasi: una kalsiamu na fosfeti nyingi kiasi kwamba jino halipotezi kitu. Maziwa ndiyo bora kabisa.

Sasa chakula gani? Hapa kwetu mtu hashindi njaa. Bokoboko ni chakula cha harusi na ni cheupe. Wali wa nazi, muhogo wa nazi, ndizi mbivu, mkate wa kumimina, samaki wa kuchemsha au wa kukaanga asiyetiwa bizari. Samaki bila ndimu kwa mtu wa pwani ni adhabu, najua. Ni siku mbili.

Siku hizo zikipita rudi kwenye mambo yako, ila ujue mate yanavyofanya kazi. Ukila kitu kichachu, yanahitaji kama nusu saa mpaka saa moja kuipooza asidi na kuurudisha mdomo ulipokuwa. Ukila urojo wako ukamaliza, ukasukutua kwa maji, mate yatashinda. Anayeharibikiwa ni yule anayenunua soda Darajani, anapiga funda moja, anazungumza, anapiga jengine, mpaka Amani bado anayo. Kila funda linairudisha saa nyuma, na mate hayapati nafasi hata mara moja. Na usikimbilie mswaki ukishakula kichachu. Uso wa jino umelainika wakati huo, na brashi inauondoa kabla mate hayajaukaza. Subiri saa moja.

Kuyaita mate yaje

Mdomo ukitulia mate yanatiririka polepole, kama mililita 0.3 au 0.4 kwa dakika. Ukitafuna yanapanda mpaka moja, mbili au zaidi. Na si wingi peke yake: mate ya kutafuna yana baikaboneti nyingi zaidi, kwa hiyo yanaipooza asidi vizuri kuliko yale ya kukaa kimya. Ndiyo maana, zile saa mbili zikipita, nataka watu watafune.

Chingamu isiyo na sukari ni rahisi, na yenye zailitoli ni nzuri zaidi, kwa sababu bakteria wa meno hawawezi kuigeuza asidi. Itafune kama dakika 20 baada ya kula. Usiyeipenda tafuna tango, karanga au korosho, au kipande cha jibini ukikipata. Iliki mbili tatu zinaleta mate na zinatia harufu nzuri. Karafuu mimi Mpemba siwezi kuitukana, na kweli inaita mate, lakini wiki hii iache. Ufizi ulioguswa na jeli mara nyingi umechomeka kidogo, na mafuta ya karafuu yatauchoma tena.

Mswaki wa mti nao una kazi yake hapa, tena kubwa. Itafune ncha mpaka ilainike kabisa, mate yakujie, halafu piga polepole kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Wanaokosea ni wale wanaosugua kwa ncha ngumu, kulia kushoto, kama wana deni nao.

Bi mkubwa mmoja, somo wa siku nyingi, alinikatiza nilipokuwa namweleza mwari wake haya.

"Mwanangu, kama ni mate, tambuu inaleta mate kuliko hiyo chingamu yako."

"Kweli bi, inaleta. Lakini katu yake inapaka rangi, na popoo yake imethibitika inasababisha kansa ya kinywa, hata bila tumbaku."

"Sisi tumekula miaka yote."

"Na kila mara ninapokuona bi, nakuangalia ulimi na mashavu kwa ajili hiyo hiyo."

Alicheka, akafungua kinywa nimwangalie. Mwari alitoka na iliki.

Jipime kabla hujaja

Huu ni ushauri wa kabla, nauweka hapa kwa kuwa watu wanautafuta wakishachelewa. Kama mdomo wako ni mkavu kwa kawaida, ulimi unagandana na shavu, huwezi kumeza mkate mkavu bila maji, basi yote niliyoyasema juu hayatakufaa sana, kwa sababu fundi mwenyewe hayupo.

Nunua bomba la sindano la mililita 5 kwenye duka la dawa, bila sindano yenyewe. Asubuhi, hujala wala kunywa wala kupiga mswaki kwa muda usiopungua saa moja, kaa chini, inamisha kichwa kidogo, meza mate mara moja. Kisha kwa dakika tano usimeze wala usitafune. Acha mate yakusanyike na uyateme kwenye kikombe kidogo. Yavute kwa bomba, usihesabu povu. Wengi wanapata mililita 1.5 au 2. Ukipata chini ya nusu mililita, mate yako ni machache mno, na hapo uje tukuone kwanza, kung'arisha kusubiri.

Mara nyingi sababu ni dawa: za mzio na mafua, baadhi ya za presha zinazokupeleka chooni, baadhi ya za huzuni na usingizi. Ugonjwa wa sukari nao unakausha. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya meno. Tuambie tu unatumia nini.

Usiku mate yanalala

Ukilala mate yanapungua mpaka karibu na kwisha. Kwa wanaong'arishia nyumbani kwa trei, yaani kile kiplastiki kinachovaliwa juu ya meno kikashika jeli, hili lina faida. Mchana mate yanaiyeyusha jeli na kuivunja; usiku inadumu muda mrefu zaidi. Njia hii ya kulala na trei yenye kabamaidi asilimia 10 ilielezwa na Haywood na Heymann kule Marekani mwaka 1989, na mpaka leo ndiyo ya upole kuliko nyingi. Tia jeli tone dogo kwa kila jino. Anayejaza trei anaamka na ufizi mweupe unaowasha, kisha anailaumu dawa.

Asubuhi toa trei, suuza, na uyape mate nafasi yao kabla ya chai, saa moja ikiwezekana. Unayelala mdomo wazi chini ya feni, wewe vaa trei mchana kwa saa mbili badala ya usiku, maana mdomo wako unakauka na asubuhi mate yatachelewa kurudi.

Kabla ya kulala piga mswaki laini kwa dawa yenye floraidi. Iliyoandikwa floraidi ppm 1,000 mpaka 1,500 kwenye kasha lake inatosha, bei haina maana. Tema povu, usisukutue. Mchana mate yangeisafisha floraidi ile mbio. Usiku hayapo, basi inabaki juu ya jino. Madini yanayorudi yakiichukua floraidi, sehemu hiyo inahimili asidi mpaka pH 4.5 badala ya 5.5. Ukishafanya hivyo halwa basi, mpaka asubuhi.

Mwezi wa Ramadhani

Kung'arisha mchana wa Ramadhani sikushauri. Mdomo wa aliyefunga una mate machache, yamekuwa mazito, na hakuna maji ya kuusaidia. Ukitaka lazima, fanya baada ya futari, ila mimi ningengoja Idi ipite.

Na wapo wanaotema mate kutwa nzima wakidhani kumeza kunafunguza. Muulize shekhe wako. Jibu nililolisikia siku zote ni kwamba mate yako mwenyewe, yaliyomo mdomoni mwako, kuyameza hakuharibu funga. Kwa upande wa meno, kuyatema ni kulitupa lile lile ambalo jino linalitegemea mpaka magharibi.

Baada ya futari hatari inageuka. Kutwa mdomo mkavu, halafu kuanzia magharibi mpaka daku mtu ana gilasi ya juisi ya ukwaju au ya pasheni pembeni, anakunywa kidogo kidogo. Inywe na futari, uimalize, halafu maji.

Mkaa, magadi, na vifurushi

Mkaa wa kusugulia meno unakwangua. Ndimu na magadi inachemka mbele ya macho, inapendeza kuiangalia, lakini ndimu inayeyusha na unga wa magadi unasugua kilichoyeyuka. Unaloliona jeupe siku ya kwanza ni jino lililokauka na kuliwa. Ukiendelea litageuka manjano, kwa sababu enameli ikipungua kinaonekana kilicho chini yake, na chenyewe ni cha manjano.

Dawa za kusukutua zenye pombe zinakausha mdomo. Zenye klorheksidini zinatia madoa ya kahawia zikitumiwa siku nyingi. Maji yenye chumvi kidogo yanatosha.

Vifurushi vya kung'arishia meno vinavyoletwa na ndugu walio nje, soma lebo. Uingereza, kwa mfano, kinachouzwa dukani hakiruhusiwi kuzidi asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi, na mpaka asilimia 6 inatolewa kupitia daktari wa meno tu. Chupa isiyosema ina kiasi gani usiitie mdomoni. Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 wasubiri.

Jino likishtuka

Maji baridi yakigonga na jino likashtuka mpaka kichwani, usifikiri limevunjika. Peroksaidi inafika kwenye moyo wa jino ndani ya dakika chache, na mishipa inakasirika. Kwa wengi hutulia siku moja au mbili, wengine inachukua wiki. Acha barafu, ruka usiku mmoja au miwili wa jeli, tumia dawa ya meno yenye potasiamu nitreti, na endelea na mate yako, maana ndiyo yanayoziba polepole vitundu vilivyo wazi kwa kalsiamu na protini zake.

Njoo utuone ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, ikiwa ni jino moja tu linalouma na mengine hayana neno, au ufizi umebaki mweupe na mbichi baada ya siku tatu. Jino moja mara nyingi lina tundu au ufa tusiouona, na hilo linataka kutibiwa. Njoo na trei na jeli yako, nataka kuona unatia kiasi gani.

Na kama una jino la mbele lililozibwa zamani, sehemu iliyozibwa haibadiliki rangi kwa jeli, na sasa itaonekana. Usituombe tuibadilishe siku hiyo hiyo. Oksijeni iliyobaki ndani ya enameli inazuia kizibo kipya kushika vizuri, na rangi ya jino lenyewe haijatulia. Njoo baada ya wiki mbili, asubuhi, tulinganishe rangi dirishani kwa mwanga wa jua, na kabla ya hapo usiwe umekaa mdomo wazi.